Kanzu Moja, Shanga Mbili

Katika vita baina ya mataifa yasiyofanana, jicho hufanya kazi yake lenyewe. Sura, lugha na silaha hutosha kumwambia askari nani wa kupigwa na nani wa kuachwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vina tatizo lao la pekee. Adui anasema lugha ileile, anakula chakula kilekile, amezaliwa kitongoji cha jirani, na huenda ni mtoto wa mjomba. Kwa hiyo kabla ya risasi ya kwanza sharti ipatikane ishara: utepe, kitambaa, unyoya, au neno la siri la kuulizana gizani. Ishara hiyo ndogo ndiyo humgeuza ndugu kuwa mtu anayeweza kuuawa.

Uingereza ilionja adha hiyo mwaka 1642, Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge lake walipoingia vitani. Majeshi yote mawili yaliundwa kwa haraka, na kila kanali alikivisha kikosi chake rangi aliyoipenda au aliyoimudu: makoti mekundu, ya kijani, ya buluu, hata ya zambarau. Rangi hizohizo zilionekana pande zote mbili. Ndipo wapiganaji wakajifunga mishipi ya kitambaa, ya rangi ya chungwa kwa wafuasi wa Bunge, maana ndiyo iliyokuwa rangi ya jemadari wao, Earl wa Essex, na myekundu kwa watu wa Mfalme. Katika mapigano ya Edgehill, Oktoba ya mwaka huo, bendera ya Mfalme ilitekwa. Inasimuliwa kuwa Kapteni John Smith, mtu wa Mfalme, aliirejesha kwa kujifunga mshipi wa chungwa na kupenya katikati ya maadui. Julai 1644, huko Marston Moor, Sir Thomas Fairfax wa upande wa Bunge alijikuta peke yake ndani ya jeshi la adui. Akaivua kofiani alama nyeupe ya upande wake, akapita taratibu kana kwamba ni mmoja wao. Mmoja aliponea kwa kuvaa, mwingine kwa kuvua. Mwaka 1645 Bunge lilipounda jeshi jipya na kulivisha vazi la namna moja, rangi iliyochaguliwa ilikuwa nyekundu, ile ile ya mishipi ya Mfalme.

Hayo ni ya mbali, na hayangestahili kusimuliwa hapa lau mwambao wa Ziwa Viktoria usingekuwa na kisa chake kilicho karibu nayo mno. Kati ya mwaka 1888 na 1892 ufalme wa Buganda uligawanyika kwa vita vya dini. Vita hivyo kwa kawaida husomwa kama habari ya Uganda peke yake. Lakini kila upande ulioshindwa ulitazama ng'ambo ya maji, na ng'ambo hiyo ilikuwa ni mwambao wa kusini: Magu, walikokuwa na makazi wafanyabiashara Waarabu, Bukumbi, kusini mwa Mwanza, ilikokuwa misheni ya Mapadri Weupe tangu mwaka 1883, na Usambiro, kituo cha wamisionari Waprotestanti. Kambi tatu za vita moja zilikuwa na kivuli chake Usukumani na kandokando yake, na mitumbwi ilivuka huku na huko ikichukua wafalme waliong'olewa, bunduki na nguo.

Nguo zastahili kutajwa kwanza, kwa kuwa zilitangulia dini. Vazi la asili la Waganda ni gome la mti wa mutuba, linalopondwa kwa nyundo ya mti mpaka likawa laini, rangi yake ikikaribia ya udongo mwekundu. Katika miaka ya 1840, zama za Kabaka Suna, wafanyabiashara kutoka Unguja walifika Buganda na bidhaa zao, miongoni mwazo amerikani, kaniki, na kile kitambaa chekundu kilichoitwa bendera. Jina hili la mwisho lina maana yake: bendera ya Sultani wa Unguja ilikuwa nyekundu tupu, kwa hiyo mtu aliyenunua pima mbili za bendera pale Magu alinunua nguo na alama kwa bei moja. Kabaka Mutesa alipomrithi Suna aliyapenda mavazi ya wageni hao. Henry Morton Stanley, aliyefika mwaka 1875, alimkuta amevaa tarabushi na joho jeusi juu ya vazi jeupe lililofungwa mshipi wa dhahabu. Baraza zima lilikuwa linageuka. Kanzu ilikuwa ni alama ya mtu wa mjini, mtu wa ikulu, mtu ajuaye habari za dunia. Aliyeivaa hakulazimika kuwa Mwislamu, ijapokuwa wengi waliivaa pamoja na Uislamu.

Waprotestanti wa Kiingereza walifika mwaka 1877. Mapadri Weupe wakafuata mwaka 1879, na hapa mambo ya rangi yanaanza kuchanganyika kweli. Shirika la mapadri hao lilianzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie, ambaye aliagiza watu wake wavae kama wenyeji wa Afrika ya Kaskazini. Padri alivaa gandura nyeupe, ambayo kwa macho ya mtu wa pwani ni kanzu. Juu yake joho jeupe la burnusi. Kichwani kofia nyekundu. Na shingoni rozari iliyoning'inia kama zinavyoning'inia shanga za mashehe. Basi mtoto wa Kisukuma aliyesimama ufukweni akitazama mtumbwi ukitia nanga angeweza kumwona mtu wa kanzu nyeupe, kofia nyekundu na uzi wa shanga, asijue kwa mbali kama ni mfanyabiashara wa Unguja anayekwenda Magu au padri Mfaransa anayekwenda Bukumbi. Tofauti ilikuwa ndani ya uzi. Tasbihi ya Mwislamu ina punje 99, au 33 zinazozungushwa mara tatu. Rozari ya Mkatoliki ina 59, na msalaba mwishoni. Sharti mtu asogee karibu ndipo ahesabu, na vitani anayesogea karibu mno huenda asipate wasaa wa kuhesabu.

Tarehe 10 Septemba 1888 wasomi, kama walivyoitwa wote waliojifunza dini za kitabu, waliungana wakamng'oa Kabaka Mwanga, mwana wa Mutesa. Walikuwa Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, na wengi wao walikuwa vijana waliokulia katika ikulu moja. Umoja huo haukumaliza miezi miwili. Mwezi Oktoba Waislamu waliwafukuza Wakristo. Wakristo wa Kiganda wakakimbilia Nkore, na wamisionari wa madhehebu yote mawili wakapakiwa katika mashua moja ya Waprotestanti, Eleanor, wakaelekea kusini. Njiani kiboko aliitoboa mashua, na wapo waliozama. Waliosalia walifika mwambao huu wa Mwanza. Mashua iliyowabeba pamoja haikuuliza nani anakiri fundisho gani. Kiboko naye hakuuliza.

Mwanga mwenyewe alikuwa ameshatangulia. Alivuka ziwa na watu wachache, akaenda kwanza Magu kwa Waarabu, nao wakamnyang'anya mali yake. Kutoka hapo akaenda Bukumbi, wakampokea wale mapadri ambao baadhi ya wanafunzi wao aliwaua miaka miwili tu nyuma, katika mauaji ambayo kilele chake kilikuwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Mwaka 1889 Charles Stokes, mmisionari aliyegeuka mfanyabiashara, alimpakia katika chombo chake pamoja na bunduki, akamrudisha kaskazini kudai kiti chake. Mfalme huyo alipita katika mikono ya kila kundi bila kuwa wa kundi lolote. Ubatizo aliupokea uhamishoni Shelisheli, akaitwa Danieri, na huko akafa mwaka 1903.

Je, wapiganaji wenyewe walitambuanaje? Vazi halikusaidia sana. Muumini wa kila dini aliyejiweza alivaa kanzu, na asiyejiweza, awe wa dini gani, alivaa gome la mti. Kwa hiyo alama zilihamia mahali pengine. Ilikuwapo nyama: Mwislamu hakula kilichochinjwa na asiye Mwislamu, na tangu mwaka 1876 wapo vijana waliokwisha kuuawa kwa amri ya Mutesa kwa kukataa nyama ya ikulu. Ilikuwapo tohara, alama isiyovuliwa jioni: Kabaka Kiwewa, aliyewekwa badala ya Mwanga, aliikataa, akapoteza kiti na baadaye uhai; Kalema aliyemfuata aliikubali. Zilikuwapo shanga na medali shingoni mwa Mkatoliki. Hapakuwa na sare, kwa hiyo mwili wenyewe na sahani ya chakula vikafanywa sare.

Msomaji wa visiwani hahitaji kufafanuliwa jinsi alama zinavyoweza kuhama namna hiyo. Katika zama za siasa za Unguja na Pemba, kati ya mwaka 1957 na 1963, jirani alimtambua jirani kwa duka alilonunua, gari alilopanda na maiti aliyokwenda kuizika au aliyokataa kuizika. Hakuna aliyevaa sare ya jeshi. Hata hivyo Juni 1961 ilipofika, baada ya uchaguzi, watu zaidi ya 60 waliuawa kwa siku chache, na wauaji hawakukosa kujua ni nani wa kupigwa.

Kule Buganda Waislamu waliposhindwa mwaka 1890, ushindi uliwaachia Wakristo swali lilelile. Sasa ndugu wawili walibaki uwanjani, Mkatoliki na Mprotestanti, na tofauti ya macho ilipungua zaidi. Wote walisoma, wote walivaa kanzu, wote walimwomba Kristo huyohuyo. Ndipo wakavaa majina. Waprotestanti wakaitwa Abangereza na Wakatoliki wakaitwa Abafransa, yaani Waingereza na Wafaransa, ingawa hapakuwa na Mwingereza wala Mfaransa miongoni mwao zaidi ya walimu wachache. Majina ya mataifa mawili ya ng'ambo yalivaliwa na watu wa koo zilezile, na kanzu yenyewe ilikuwa imekopwa Unguja. Vyeo vikagawanywa kwa mizani: Apolo Kaggwa, Mprotestanti, akawa Katikiro, na Wakatoliki wakapewa vyeo vyao vya kulinganisha. Nchi nzima ikawa na kila kitu viwili viwili.

Mizani hiyo ilivunjika Januari 1892 kwa ugomvi wa bunduki moja. Mkatoliki alimwua Mprotestanti, Mwanga akamwachia huru muuaji, na Kapteni Frederick Lugard wa Kampuni ya Kiingereza akagawa bunduki kwa Waprotestanti. Tarehe 24 Januari pande mbili zilipigana chini ya kilima cha Mengo, na bombomu la Maxim likaamua. Wakatoliki walikimbilia kisiwa cha Bulingugwe, na huko nako wakapigwa. Wengi wakauawa au wakazama wakijaribu kuvuka. Waliosalia walielekea Buddu, na Mwanga akapitia upande wa Bukoba, chini ya Wajerumani, kabla ya kurudi mwezi Machi. Katika suluhu iliyofuata Wakatoliki walipewa jimbo la Buddu kuwa lao. Vazi lililoshindwa kutenganisha watu likafuatiwa na mpaka.

Miaka 22 baadaye ilikuja vita nyingine juu ya maji hayohayo, na safari hii rangi ilikuwapo, ila ilikuwa moja. Mwaka 1914 Wajerumani walikuwa na Mwanza na Bukoba, Waingereza walikuwa na Kisumu na Entebbe. Askari wa Kiafrika wa pande zote mbili walivaa kaki, wakavaa kofia ya tarabushi iliyofunikwa kwa kaki, wakasikilizana kwa Kiswahili. Aliyeshika darubini ufukweni alitafuta nembo ya tai wa Kaisari au namba ya kikosi cha KAR juu ya kofia. Bukoba ilivamiwa Juni 1915. Ukerewe ilichukuliwa Juni 1916, na tarehe 14 Julai mwaka huo Waingereza wakaingia Mwanza, Wajerumani wakiwa wameshaanza kurudi nyuma kuelekea Tabora. Kilichofuata kinaonyesha jinsi kaki ilivyokuwa nyepesi kugeuzwa. Mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha sita cha KAR kwa kutumia askari waliokuwa wa Mjerumani. Watu walewale, kwa mazoezi yaleyale na hatua ileile, walibadilishiwa alama ya kofia wakapelekwa kuwawinda wenzao wa jana. Novemba mwaka huohuo, baada ya kuiteka ngome ya Wareno huko Negomano, askari waliobaki na Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck walivua matambara yao wakavaa nguo za Wareno waliowashinda.

Walikuwapo pia wasiovaa chochote cha kutambulika. Wapagazi walichukuliwa kwa maelfu kutoka vijiji vya kandokando ya ziwa na kwingineko, wakabeba risasi na unga wa pande zote mbili, wakafa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, kuhara na homa. Jina la kikosi chao kwa upande wa Waingereza limebaki katika soko la Kariakoo, Dar es Salaam. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa jijini humo mwaka 1927 inamwonyesha mtu mwenye bunduki na vazi lake kamili. Mpagazi hayumo. Aliyekufa bila sare ni shida kumchongea sanamu, kwa sababu hakuna alama ya kumjulisha kwa wapita njia; lau angevikwa japo mshipi wa rangi, pengine angekumbukwa kwa huo mshipi.

Kiswahili kina jambo lake hapa. Neno letu la vazi la kikosi ni sare, na wachezaji wakimaliza mchezo bila mshindi tunasema wametoka sare. Katika lugha nyingine neno la vazi la askari huweza kubeba maana ya umbo moja au ya amri. Katika lugha hii linabeba maana ya kulingana. Anayevaa sare amekuwa sawa na wenzake. Vita vya ndugu humkumbusha kwamba alikuwa sawa na adui wake vilevile, na ndiyo sababu ya kuhitaji sare.

Wasukuma, waliokuwa wenyeji wa wakimbizi wote hao bila wenyewe kualikwa katika ugomvi, walikuwa na njia yao ya kugawana pande. Katika karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, walishindana kwa ngoma, na wafuasi wao wakawa vyama viwili vinavyodumu mpaka leo: Bagika na Bagalu. Kila mwaka baada ya mavuno, kijiji hugawanyika. Vyama viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja na ngoma zake, mavazi yake na dawa zake za kuvuta watazamaji, na mshindi ni yule aliyezungukwa na umati mkubwa zaidi. Bujora, karibu na Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoasisiwa na Padri David Clement wa shirika hilohilo la Mapadri Weupe, mashindano hayo hufanyika mwezi Juni. Kinachostahili kutazamwa ni mtazamaji. Yeye ndiye anayeamua, tena kwa miguu yake: akichoka na Bagika huwageukia Bagalu, na jioni anaweza kurudi alikotoka. Upande ni jambo la kuhamwa, si la kufiwa. Ndugu wawili wa nyumba moja waweza kucheza katika vyama viwili, wakatukanana kwa nyimbo mchana kutwa, na usiku wakala ugali katika chungu kimoja.

Ingekuwa ni rahisi kusema kwamba watu wa Buganda hawakuwa na mchezo wa namna hiyo ndipo wakauana, lakini hiyo itakuwa dhuluma. Wasukuma nao walikuwa na vita vyao, na Waganda walikuwa na ngoma zao. Kilichokosekana mwaka 1892 kilikuwa ni ruhusa ya kubadili upande bila kuitwa msaliti, na ruhusa hiyo haishonwi na fundi yeyote.

Kanzu, kwa upande wake, iliwashinda wote. Leo nchini Uganda ni vazi la heshima la mwanamume, la harusi na la posa, lenye nakshi nyekundu iliyoiva kifuani kwenye ukosi, na juu yake koti. Mwislamu huivaa, Mkatoliki huivaa, Mprotestanti huivaa, na bwana harusi huketi ukumbini katikati ya wakwe wa dini zote. Hakuna awezaye kujua kwa kumtazama, hata akisogea karibu, kama babu wa babu yake alivuka ziwa akaenda Magu, au akaenda Bukumbi.